Mashine ya 40 kwenye Chombo cha 15

Mazungumzo ya kaunta za Kariakoo hufanana, iwe mtu ananunua pampu ya maji, jenereta au mashine ya boti. "Bosi, unataka ya ngapi?" "Nataka kumi na tano." "Kumi na tano ya nini, bosi wangu? Ongeza hela kidogo uondoke na arobaini, hutajuta." Mteja huuliza bei, huuliza waranti, huuliza kama vipuri vinapatikana, na kama mzigo ni wa Japani kweli au umevalishwa jina tu. Yote hujibiwa, tena kwa kiapo. Kwa mashine ya boti, swali moja halitoki kinywani mwa muuzaji wala mteja: chombo kina urefu gani, na tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, ina upana gani?

Nina ugomvi na kaunta hiyo. Kwa miaka mingi tumezungumzia usalama wa majini kana kwamba hatari yote hupandia gatini. Zilipozama MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander 2011, MV Nyerere 2018, kila mara tulihesabu watu waliozidi, tukataja uwezo wa chombo, tukaapa kwamba safari hii abiria watahesabiwa kweli. Ni haki kabisa. Lakini mvuvi wa Feri, Msasani au Kunduchi hana abiria wa kuhesabiwa. Mzigo wake wa kwanza uliozidi hununuliwa dukani, hupakiwa kwenye Kirikuu au guta, hukata Msimbazi kwa honi na matusi, na hufungwa nyuma ya chombo kabla hajavua hata changu mmoja.

Tuanze na uzito, maana huo haubishaniwi. Mashine ya 15, yaani ya nguvu za farasi 15, ya stroku mbili, ile iliyozoeleka pwani nzima, ina kilo 36 hivi. Mtu mmoja mwenye mgongo mzima huitia begani akaitoa majini hadi bandani. Ya 40 imepita kilo 70 na inataka watu wawili. Tofauti ni kilo 35 na kitu, na ukiishia hapo utaona si jambo. Ila ya 40 haijapata kwenda baharini peke yake, kwa sababu ina kiu. Tangi la petroli la lita 25 ni kilo 18 na ushee, bila kupima tangi lenyewe. Safari iliyotosheka na tangi moja sasa itataka mawili au matatu, nayo yatakaa pale pale nyuma, karibu na mpira wa mafuta. Jumlisha. Umemweka mtu mzima mwingine juu ya tezi, asiyevuta wavu, asiyefua maji, na asiyeweza kuambiwa asogee mbele wimbi likija.

Halafu nahodha anakaa hapo hapo, maana mkono wa mashine uko hapo.

Sasa tazama chombo chenyewe. Mashua na dau havikuchongwa kwa ajili ya mashine, vilichongwa kwa tanga. Nguvu ya tanga huingilia mlingotini, mbali na tezi, na fundi alipanga mataruma na mkuku wake akiijua nguvu hiyo. Mashine imekuja kusukuma kutoka mwisho kabisa wa chombo, chini, kwenye ubao mmoja. Fundi akiona mashine ndogo hutia ubao wa kuimarisha, akaongeza bolti, maisha yakaendelea. Akiona ya 40 ingebidi afumue nyuma yote aijenge upya. Hiyo ni gharama ambayo mwenye chombo hakuambiwa dukani, kwa hiyo hupigwa ubao ule ule na misumari ile ile. Baada ya miezi michache mtetemo unafanya kazi yake. Kalafati inalegea kwenye maungio ya nyuma, pamba inachungulia, na anayefua maji anagundua kwamba siku hizi hapati nafasi ya kuvuta sigara.

Na kasi je? Hapa ndipo wengi hupigwa bila kujua. Mwingereza William Froude, aliyejenga hodhi la kujaribia mifano ya meli huko Torquay mwaka 1872, alionyesha kwamba chombo kinachokata maji huburuta wimbi lake mwenyewe, na kasi ikifika mahali fulani wimbi hilo huwa refu sawa na chombo. Kuanzia hapo chombo kinapanda kilima ambacho kinakitengeneza chenyewe. Kanuni iliyozoeleka ni hii: chukua urefu wa chombo pale maji yanapogusa, kwa futi, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 1.34, utapata kasi kwa noti. Mashua yenye futi 25 majini: kipeo cha pili ni 5, kasi yake ni noti 6.7, yaani kilomita 12 na kidogo kwa saa. Mashine ya kiasi itakufikisha hapo. Ukiongeza nguvu juu ya hapo, nyingi huishia kuinua omo na kuzamisha tezi. Nahodha anaona pua iko juu, povu limejaa nyuma, mngurumo unasikika hadi Kigamboni, anaamini anakimbia.

Chanzo cha kujidanganya ni boti za faiba. Faiba nyepesi yenye tumbo bapa ina tabia nyingine: ikipata nguvu ya kutosha inalikwea wimbi lake, inatoka, inateleza juu ya maji. Mwenye mashua anaiona ikimpita kama hayupo, anaulizia ina mashine ya ngapi, anaambiwa 40, kesho yake yuko Kariakoo. Alichokosa si mashine. Lile ni tumbo jingine, na mbao za mkuku mzito hazigeuki faiba kwa sababu ya kofia iliyoandikwa namba kubwa. Ni sawa na kuitia Bajaji injini ya Fuso, ukashangaa kwa nini haibebi tani saba.

Faiba nayo ina kipimo chake, nisieleweke vibaya. Boti ndogo iliyoinuka inagusa maji kwa sehemu ndogo tu ya nyuma. Ikipewa nguvu kupita kiasi, pua huanza kupiga maji, juu chini, juu chini, na wimbi dogo la ubavuni linatosha kuitupa pembeni. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba, na mawimbi ya ubavuni hayakosekani hapo: pantoni inakatiza, meli inaingia, boti za Zanzibar zinapita, na ngalawa iko katikati ikisubiri wote wapite.

Hatari yenyewe, ile inayoua, haiko kwenye kasi kama watu wanavyodhani. Iko pale nahodha anapoachia mafuta ghafla. Mashine kubwa imekuwa ikisukuma, tezi imezama, na nyuma yake kuna bonge la wimbi linalomfuata. Mbele kinatokea kigogo, au boya la wavu wa mtu, au mtoto wa kazi anapiga kelele kwamba wavu umeanguka. Nahodha anarudisha mkono. Chombo kinasimama, wimbi halisimami. Linamkuta akiwa chini, linapanda ubao wa tezi, linaingia. Kama ubao umekatwa chini ili shafti fupi ifike majini, kazi yake ni rahisi zaidi. Wimbi la kwanza hujaza nusu. La pili linakuta tezi iko chini ya maji tayari, na mashine, yenye kilo zake 70, haisaidii kuinuka.

Njia ya pili ni mkono wenyewe. Mashine ndogo ikikuponyoka utaidaka. Mashine kubwa inayoshikwa kwa mkono ina mvuto wa upande mmoja ambao lazima ushindane nao muda wote, hasa kifundo cha shafti kikiwa hakijakazwa sawasawa. Uuachie, kwa kuteleza kwenye utelezi wa samaki au kwa kutaka kuwasha simu, mkono unakimbilia upande mmoja, boti inakata kona papo hapo na kukurusha nje. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyeizima, inazunguka. Inakurudia pale pale ulipo, rafadha ikiwa bado inakata. Dawa ya hili ni kamba nyekundu iliyosokotwa kama waya wa simu ya mezani, inayofungwa mkononi au kwenye nguo: ukianguka, inachomoka na mashine inazima. Mashine nyingi mpya huja nayo. Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, nahodha wa boti ndogo ya kasi anatakiwa kisheria awe ameifunga chombo kikiwa kwenye mwendo. Kwetu ukiikuta, imefungiwa funguo za kibanda.

Sasa niwatetee wanaonunua ya 40, kwa sababu si wajinga. Mnada wa Feri hausubiri mtu. Anayefika na samaki mapema anapata bei ya mapema, anayefika baada ya mzigo kujaa anapata bei ya huruma. Barafu inayeyuka. Kusi likikaza, kurudi kutoka nje ya visiwa na mashine dhaifu ni mateso, na mashine iliyozidiwa na chombo nayo ni hatari, kwani inaweza kukuangusha mkondoni ukachukuliwa. Samaki nao wamekwenda mbali, tuulizane ni nani aliyewafukuza, kwa baruti na kwa nyavu za macho madogo. Ziwa Victoria kuna sababu nyingine: maharamia wanaopora mashine usiku, na mvuvi anataka kitu kitakachomwezesha kuwakimbia. Na ipo hesabu ya kimya kimya ya mwenye mali, kwamba ya 40 ni rahisi kuuza akikwama ada ya shule. Wachache, wanaotumia bandari bubu kupitisha sukari na mafuta ya kula, wana sababu zao ambazo hazihitaji kuandikwa gazetini.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni nani anayelipa.

Mgao wa baharini katika pwani yetu una sura inayofahamika. Samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama za safari: mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki hugawanywa, na chombo kina fungu lake, mashine ina fungu lake, nyavu zina fungu lake, kisha mabaharia wanagawana la kwao. Angalia mafuta yamekaa wapi. Yamekaa juu, kabla ya mgao. Tajiri akiongeza ukubwa wa mashine, kiu yake haimgharimu yeye peke yake. Mashine ya 15 ikifunguliwa mwisho hunywa kama lita 7 kwa saa. Ya 40 ya stroku mbili hupita lita 15. Tuseme 17. Kwa saa nne za mwendo, tofauti ni lita 40, na kwa petroli ya shilingi 3,000 hivi, kulingana na kilichotangazwa na EWURA mwezi huo, ni shilingi 120,000 kwa safari moja. Kama chombo ni mashua yetu ya noti 6.7, kimefika karibu saa ile ile. Baharia anayepewa elfu nane mfukoni hajui kwamba elfu kadhaa zake zimegeuka povu.

Na uhai wake ni hivyo hivyo. Aliyechagua mashine yuko nyumbani. Aliyeuza yuko dukani. Wanaokaa kwenye chombo wimbi linapopanda tezi ni vijana ambao hakuna aliyewauliza, wengi hawana jaketi la kuokolea, na wanaolala chini ya karatasi ya nailoni hawajui hata wamefungiwa ya ngapi. Katika vikao vya usalama wa majini hulaumiwa nahodha kwa uzembe. Nahodha naye ni mwajiriwa. Amekabidhiwa chombo kama kilivyo, na akikikataa kuna mwenzake amesimama ufukweni anasubiri.

Kuna jibu moja nimelisikia mara nyingi mno: "Nitaiendesha nusu tu." Nusu ya mafuta ndiyo, lakini nusu ya uzito haipo. Kilo 70 ni kilo 70 hata mashine ikiwa imezimwa. Tena nusu hudumu mpaka siku ya kwanza boti nyingine ikianza kukupita kuelekea mnadani. Wazee walisema chombo cha kuzama hakina usukani, nasi tumeigeuza kauli hiyo kuwa kisingizio, tunaitamka msibani kana kwamba ubao wa tezi ulikatwa na majaaliwa.

Kabla hujanunua mashine kubwa, kuna kitu cha bei ndogo cha kujaribu, nacho ni rafadha. Mashine nyingi hutoka kiwandani na rafadha ya boti nyepesi, yenye hatua ndefu: kila mzunguko mmoja inataka kusogeza boti mbali. Ukiifunga kwenye chombo kizito mashine inalemewa, haifikishi mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake, inakohoa moshi, na mwenye chombo anahitimisha kwamba ni ndogo. Mara nyingi si ndogo. Inataka rafadha yenye hatua fupi, inayosukuma kwa nguvu badala ya kukimbia. Fundi mzuri anajua hilo. Muuzaji mzuri pia anajua, ila faida ya rafadha haimalizi kodi ya fremu Kariakoo.

Na msiiabudu namba iliyo kwenye kofia. Mafundi wanafahamu kwamba baadhi ya mashine za 9.9 na 15 ni mwili mmoja, uzito mmoja, zimetofautishwa kwa kabureta na vitu vidogo, na wapo wanaozigeuza kwa nusu siku. Mkaguzi anayesoma kofia tu atadanganywa.

Hesabu ya kujua mashine ya kiasi ipo, na haihitaji mhandisi. Marekani walitunga Sheria ya Usalama wa Boti mwaka 1971, na chini yake boti za mashine ya nje zenye urefu chini ya futi 20 hubandikwa kibati kinachosema mwisho ni mashine ya ngapi. Msingi wake ni urefu mara upana wa tezi. Chukua boti ya futi 16 yenye tezi ya futi 4: ni 64. Ikiwa tumbo ni bapa lenye kona kali na inaongozwa kwa mkono, chukua nusu ya 64, toa 15, unabaki na 17, ambayo inapandishwa hadi 20. Ikiwa tumbo si la namna hiyo, mkono ule ule, zidisha 64 kwa 0.8 utoe 25, unapata 26, inapanda hadi 30. Na ikiwa ina usukani wa mbele na ubao wa tezi wenye kimo cha inchi 20 au zaidi, zidisha kwa 2 utoe 90, unapata 38, inakuwa 40. Boti ni ile ile. Kinachoipa haki ya kubeba 40 ni tezi ndefu na nahodha aliyetoka nyuma akakaa mbele. Vyombo vyetu havilingani na vyao, mtumbwi hauna hata tezi bapa ya kupima, na kanuni hiyo haiwezi kuhamishwa ilivyo. Ila wenye ujuzi wa kutunga ya kwetu tunao: mafundi wa vyombo wa Dar es Salaam, Bagamoyo na Zanzibar wamechonga madau kwa vizazi, wakikalishwa na wahandisi kwa wiki moja watatoka na jedwali la ukurasa mmoja.

TASAC, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, ndiyo inayokagua vyombo vidogo huku Bara, na upande wa Zanzibar ipo ZMA. Naziomba mamlaka hizo jambo moja dogo. Pale chombo kinapopakwa namba ya usajili ubavuni, ipakwe na namba ya mashine kubwa kabisa inayoruhusiwa, kwa rangi, kwa herufi za kusomeka kutoka ufukweni. Baharia ataisoma kabla hajapanda. Polisi wa majini ataisoma bila kupanda. Serikali nayo ina mkono wa kushika kaunta ya Kariakoo: Sheria ya VAT ya mwaka 2014 imeziweka mashine za boti kwenye vifaa vya uvuvi visivyotozwa kodi hiyo. Msamaha huo ni wa mvuvi, basi uambatane na sharti kwamba risiti ya mashine iandikwe chombo kitakachofungwa mashine hiyo na vipimo vyake. Na boti za kisasa zinazotolewa kwa mikopo, kama zile zilizokabidhiwa wavuvi jijini Mwanza Januari 2024, zitoke na kibati chake tangu siku ya kwanza.

Wewe unayejiandaa kwenda Kariakoo wiki ijayo, usisubiri mamlaka. Chukua futikamba, pima urefu wa chombo majini, upana wa tezi, na kimo cha ubao wa tezi kutoka usawa wa maji chombo kikiwa na watu na mafuta. Andika, nenda na karatasi hiyo dukani. Muuzaji akikwambia haina kazi, duka la pili liko mlango unaofuata.